Chupa Isiyo na Mstari

Niseme mapema ili asije mtu akanisifu bure: nilimwonea wivu Sospeter Kirui hata akiwa ndani ya sanduku. Tulimzika mwezi uliopita huko juu ya Njoro, mahali upepo wa Mau unashuka na baridi yake yote, na mimi nilikaa mstari wa mbele, viti vya wazee, kofia magotini, nikiwa nimeshika programu ya mazishi waliyoichapa kwa rangi. Kwenye jalada walimweka akiwa kijana. Amesimama kando ya helikopta, amevaa jaketi la rangi ya machungwa, meno yote nje. Picha hiyo ilipigwa Suswa. Najua kwa sababu ukingoni, upande wa kushoto, kuna mkono umeshika mpini wa pampu. Mwenye mkono amekatwa kwenye kiwiko, haonekani. Mkono huo ni wangu. Uwanja mzima ulikuwa umenishika mkono siku hiyo na hakuna aliyejua ni wa nani. Kijana aliyepewa maikrofoni akasoma habari za marehemu: kwamba alifanya kazi ya helikopta kwenye visima vya mafuta baharini, nchi hii na ile, kwamba alizeeka akifundisha wengine, kwamba alianzia mlimani. Akasema neno hilo moja, mlimani, akafungua ukurasa. Mwaka wangu wote uko ndani ya neno hilo.

Mimi sikusoma. Nilitoka shule darasa la tatu na sikurudi. Leo nina stoo ya viazi Mau Narok, nina malori, na watu waliosoma wananingojea nje ya ofisi mpaka nimalize chai. Haya ninayaandika mwenyewe, kwa herufi zangu kubwa, halafu mjukuu ananiwekea nukta. Habari za baba na mama na ng'ombe waliokuwepo sitazisema, kila mtu alikuwa na mama. Nitasema habari za mwaka mmoja, nilipokuwa na miaka ishirini na kidogo na mgongo wa kubeba chochote.

Lori lilitukuta Gilgil, kwenye ile barabara ya kwenda kambi ya jeshi, likitafuta wanaume wa kazi. Kirui na mimi tulipanda siku moja, tukakalia gurudumu moja la akiba, tukagawana mahindi ya kuchoma. Alikuwa mrefu, mwenye maneno matamu, anayecheka kabla ya mzaha kwisha. Njia nzima hadi Suswa tulikuwa marafiki, na huo ndio urafiki pekee tuliopata bila kitu katikati yetu. Mlima wa Suswa ukiuona kutoka mbali utafikiri umelala tu, lakini kichwa chake ni shimo, shimo kubwa la kuingia mashamba mengi. Ndani ya shimo hilo kuna handaki la mviringo, refu kwenda chini, lenye msitu. Na katikati ya handaki kuna kipande cha mlima kimebaki peke yake, kimezungukwa pande zote. Wamasai wana njia yao ya kushuka na kupanda, lakini ni ya mbuzi, na mashine ya kuchimba haipiti njia ya mbuzi. Kampuni ya kigeni ilikuwa inatafuta mvuke wa kuzalisha umeme kwenye kile kipande, kama ule wa Olkaria, kwa hivyo wakaleta helikopta. Kituo chetu kilikuwa upande wa huku: mahema, kibanda cha mafuta, duara la mawe yaliyopakwa chokaa, na mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti wa kuonyesha upepo. Nje ya hapo ni majani, mawe meusi na fisi.

Marubani wetu walikuwa wametoka kwenye visima vya baharini, na bahari walikuja nayo kichwani. Kile kipande cha katikati walikiita kisiwa. Kituo wakakiita pwani. Ukipanda helikopta kuvuka lile handaki, hata kama ni safari ya dakika tatu, umeenda baharini, na sheria ya kampuni ilisema hakuna kwenda baharini bila laifu jaketi. Maji ya karibu ya kumzamisha mtu yalikuwa Naivasha. Wamasai walikuja na watoto wao kutazama watu wakijifunga majaketi ya kuogelea juu ya vumbi, wakacheka mpaka wakakaa chini, na sisi tulicheka pia, wiki ya kwanza. Wiki ya pili hakuna aliyecheka, kwa sababu tulikuwa tumeshaona kwamba mwenye jaketi ndiye mtu. Mwenye jaketi alikula kwanza, helikopta haingoji. Mwenye jaketi aliitwa kwa jina lake. Sisi wengine tuliitwa kwa kazi, mimi nikaitwa Mafuta.

Jaketi la kwanza la mtu mweusi lilipatikana hivi. Kapteni, rubani mkuu, mzungu mwembamba mwenye kope nyeupe, aliyekaa Mombasa miaka mingi na kujua Kiswahili kuliko alivyotaka tujue, alitupanga mstari nje ya hema la jikoni, akapitisha kitabu. Kila mtu asome sentensi. Kirui alifika kidato cha pili. Alisoma sentensi yake, akaendelea na iliyofuata, kama mtu anayetembea kuteremka. Kitabu kilipofika kwangu nilimpa aliyekuwa kando yangu nikasema vumbi limeniingia machoni. Vumbi lilikuwepo, huo si uongo. Jioni ile Kirui alivaa machungwa. Kazi yake ikawa kukaa mlangoni mwa helikopta, kuangalia mzigo unaoning'inia chini kwa kamba ya chuma, kumwambia rubani ushuke, upande, kushoto kidogo. Siku ya picha ilikuwa hiyo. Mpiga picha aliniambia nisogee. Nilisogea, lakini pampu siwezi kuiacha.

Na huyo Kirui hakuwa na kiburi, ndiyo ilikuwa shida. Angekuwa na kiburi ningemchukia nikalala. Huko kisiwani wachimbaji walikuwa na vyakula vya makopo, na kila jioni alirudi na kitu amekifunga kwenye karatasi, samaki wa kopo, biskuti, siku moja nyama ya nguruwe ya chumvi, akaja nayo kwenye kibanda changu akasema, "Mafuta, kula, wewe ndiye unatupeleka." Nilikula. Nilikula kila mara, nikalamba karatasi, na nikimaliza nilikuwa na hasira zaidi kuliko kabla sijala. Mtu akikunyima unajua la kufanya. Mtu akikupa chakula cha mahali usipofika utafanya nini?

Aliyeniona mimi alikuwa Haruni, fundi wa injini. Alikuwa mtu wa Nakuru mjini, wa Bondeni, babu yake alikuja na reli kutoka pwani ya kweli, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Aliswali nyuma ya kibanda changu kwa sababu kivuli cha hapo kilikuwa safi, na akimaliza alikaa kwenye pipa akaninywesha chai ya tangawizi. Alinifundisha mafuta kama mtu anavyofundishwa ng'ombe. Pipa lilazwe ubavu, lisisimamishwe, kwa sababu pipa lililosimama hukusanya mvua kichwani na usiku wa baridi huivuta ndani kupitia kizibo. Kila asubuhi, kabla ya kumpa helikopta hata tone, toa kidogo kutoka chini ya pipa, utie kwenye chupa ya kioo, uzungushe, utazame. Maji ni mazito, yatakaa chini, mafuta yatakaa juu, na katikati utaona mstari. Ukiona mstari, mafuta hayo mwaga. Kama ni safi, andika safari kwenye chupa, uiweke rafuni, na usiimwage mpaka helikopta irudi. Hiyo ilikuwa mila ya watu wa bahari. Chupa inakaa inangoja kama mke. Kwa kuwa sikujua kuandika vizuri, Haruni aliniruhusu nichore alama, mshale kwa safari ya kwanza, mishale miwili kwa ya pili.

Halafu akanifundisha lile ambalo halikuwa kitabuni.

"Kitabu kinasema tafuta mstari," akasema. "Mimi nakwambia nusa kwanza. Chupa yenye mstari haijaua mtu, kila mwenye macho ataiona. Wewe iogope ile isiyo na mstari."

Nilimuuliza inawezekanaje. Akachukua chupa, akaijaza maji matupu, akaiinua juani. Ilikuwa safi, inang'aa, haina mstari popote. Ilikuwa mafuta mazuri kuliko yote niliyowahi kuona. Kama pipa lina maji mengi chini, akasema, mdomo wa pampu unavuta maji peke yake, na chupa ikijaa maji peke yake mstari utatoka wapi? Msomi ataangalia, aone hakuna mstari, aandike safi. Pua haidanganyiki hivyo. Tangu siku ile nilinusa kila chupa, na nikajivuna. Nilikuwa na kitu kimoja kwenye kituo kile ambacho hakikuandikwa popote, na ambacho mtu wa kidato cha pili hakuwa nacho.

Jambo lingine alilonifundisha ni la mikono. Helikopta ikiwa chini na pangaboi linazunguka, mtu yeyote akiona kitu kibaya asimame mbele ya rubani apandishe mikono yote miwili juu ya kichwa, aipishanishe kama alama ya kosa kwenye daftari la shule. Rubani haruhusiwi kuuliza kwa nini. Haruhusiwi kupaa. "Hata mpishi," Haruni akasema. "Hata wewe." Nililipenda neno hilo kuliko mshahara.

Mvua za Aprili zilipoanza, jioni moja nilikuwa nyuma ya hema la jikoni nikimsaidia mpishi kumenya viazi, na Kapteni na Haruni walikuwa ndani wakinywa chai. Turubai haizuii maneno. Kapteni akasema mwaka ukiisha kampuni itachukua mtu mmoja kutoka hapa, impeleke kwenye kituo cha baharini cha kweli, imfundishe. Kisu changu kilisimama ndani ya kiazi. Haruni akataja jina langu. Si Mafuta, alisema Macharia. Alisema nina mkono na nina pua, na kwamba mtu wa namna hiyo hapatikani kwa tangazo. Kapteni akasema anajua, lakini kule kila kitu kimeandikwa, na yule kijana hasomi. Haruni akasema kusoma kunafundishika. Kapteni akajibu, "Na mafuta yanafundishika. Mwambie amfundishe Kirui." Mpishi alikuwa amesikia kila kitu. Aliniangalia, akaniongezea viazi.

Nimemenya viazi vingi tangu siku ile, nimeuza viazi vya kujaza handaki la Suswa, na bado nikishika kisu kidogo nasikia sauti ile, mwambie amfundishe Kirui. Watu husema wivu ni wa kutaka kitu cha mwenzako. Mimi sikutaka jaketi lake siku ile. Nilikuwa na chupa yangu, na walikuwa wameitaka hiyo pia.

Asubuhi nikamfundisha. Alikuja na kalamu na daftari, akachuchumaa kando yangu kama mwanafunzi, ananiita mwalimu. Nilimwonyesha kizibo, pampu, chupa, jinsi ya kuzungusha, jinsi ya kuiinua juani na kutafuta mstari. Aliandika yote. Alirudia mbele yangu bila kosa. Nilimfundisha kila kitu kilichokuwa kitabuni.

"Kuna kingine?" akauliza.

"Hakuna," nikasema. "Ni hivyo tu."

Siku mbili baadaye, jioni, nikaona amesimamisha pipa la kesho yake, wima, ili pampu imkae vizuri mkononi. Mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya ukingo wa shimo. Nilipita kando ya lile pipa mara mbili. Ningelisukuma kwa goti moja likalala. Nikajiambia pipa si langu tena, nikaenda kula. Mvua ilinyesha hadi alfajiri.

Asubuhi Kapteni alinituma maji. Lori la maji lilikuwa limekwama matopeni, kwa hivyo tulichota kwa akina mama wa Kimasai, ambao wanaweka mabomba juu ya matundu ya mvuke, mvuke unapoa ndani ya bomba, unadondoka maji. Ni maji ya moto yenye ladha ya jiwe, na kuyangoja kunataka subira. Nilijaza mitungi miwili, nikarudi. Pangaboi lilikuwa linazunguka tayari. Mzigo wa mabomba ulikuwa umefungwa. Na kwenye rafu ya kibanda changu kulikuwa na chupa, imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa shule, tarehe na kila kitu. Nikaiangalia. Ilikuwa safi kupita kiasi.

Niliweka mitungi chini nikafungua kifuniko, nikanusa. Hakukuwa na harufu. Nikatia kidole nikaonja, ilikuwa mvua.

Nilijua kila kitu kwa wakati mmoja, kama unavyomjua mtu kwa mwendo wake. Nilijua kwamba kwenye mirija kulikuwa bado na mafuta mazuri kidogo ya jana, na kwamba injini itakunywa hayo kwanza. Nilijua kichujio cha pampu kilikuwa kimechoka na kipya kilikuwa bado Nairobi. Kutoka kibandani hadi mahali rubani angeniona ni hatua kama thelathini, kazi ya mikono miwili juu. Kirui alikuwa mlangoni mwa helikopta, miguu nje, machungwa yake yakipigwa na upepo. Akageuka upande wangu, akanipungia mkono. Nilikuwa na chupa mkononi.

Watu wakitubu hupenda kusema sijui nini kilinishika. Mimi najua. Nilifikiri: sasa wataona kama mafuta yanafundishika. Sikufikiri kifo, sitajisingizia hilo. Nilifikiri injini itakohoa ikiwa bado chini, wazime, waulize, na aliyeandika ataaibika na mwandiko wake mzuri. Nilikuwa nangoja ikohoe. Haikukohoa. Ikainuka, kamba ikakaza, mabomba yakaacha ardhi, na mimi nikiwa bado nangoja.

Ilifika karibu na ukingo wa handaki. Hapo sauti ilikatika kidogo, ikarudi, ikakatika. Kapteni aliachilia mzigo, mabomba yakaanguka yakitawanyika kama njiti, na akaigeuza ile helikopta ikiwa haina nguvu, akaipigisha chini upande wa huku, kwenye majani. Ilikaa kwa kishindo, mkia ukavunjika. Haikuwaka. Kapteni alitoka na damu puani. Kirui alitupwa nje, na lile jaketi, likiwa limevutwa kamba yake, likajijaza upepo lenyewe juu ya nchi kavu, likavimba shingoni mwake mpaka uso haukuonekana. Akina mama waliokuwa wamenifuata na maji mengine walianza kucheka. Kisha wakasikia anavyolia, wakaacha. Goti lake lilikuwa limegeuka nyuma.

Mchana huohuo tulikaa wote kwenye hema la jikoni. Kirui walimlaza kwenye meza ya chakula, mguu umefungwa mbao, tukingoja ndege ndogo ya kumpeleka Nairobi. Chupa ilikuwa mezani karibu na kichwa chake. Kapteni hakuuliza kwa ukali. Aliuliza nani ametoa sampuli, na kabla sauti yake haijaisha Kirui akasema ni yeye. Nani alisimamisha pipa? Ni yeye. Kapteni akaniuliza nilikuwa wapi, nikasema kwa mvuke, nachota maji, na mitungi ilikuwepo kushuhudia. Halafu Haruni akachukua chupa, akainusa, akaniangalia mimi.

"Macharia. Ulimfundisha kunusa?"

Hema lilikuwa na joto la turubai lililolowa, na harufu ya kitunguu. Nakumbuka kulikuwa na sufuria ya ugali ambao hakuna aliyeukata.

"Nilimfundisha," nikasema.

Kirui aligeuza shingo pale mezani akanitazama. Alinitazama muda mrefu, jasho likimtoka, na mimi nikamtazama kwa sababu kuangalia chini kungekuwa jibu. Nilijua anakwenda kusema. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyokana.

"Alinifundisha," Kirui akasema. "Nilisahau."

Wakamchukua yeye. Goti lilipopona kiasi cha kukunjika, kampuni ilimpeleka baharini. Kapteni alituambia hivyo mbele ya wote, kwamba mtu aliyekosea akasema kosa lake bila kuulizwa mara mbili, huyo ndiye anayemtaka karibu na mafuta. Haruni hakuniletea chai tena. Aliendelea kuswali nyuma ya kibanda, aliendelea kunisalimia, adabu za Bondeni hazimwachi mtu, lakini pipa alilozoea kulikalia lilibaki tupu. Mwaka ulipoisha lori lilinishusha Gilgil palepale liliponichukua. Nikaanza na gunia moja la viazi kando ya barabara. Yote niliyo nayo niliyapata mwenyewe na sitamshukuru mtu kwa hayo.

Kirui alinitumia kadi kila Krismasi. Zilikuwa na helikopta juu ya maji mengi, jukwaa la chuma limesimama katikati ya bahari, na nyuma maneno machache ambayo binti yangu Wanjiru alinisomea: kwa Macharia wa Mafuta, uko aje, mimi mzima, goti linanijulisha mvua. Sikujibu hata moja. Niliziweka kwenye kopo la majani chai. Nilimwambia mke wangu huyu mtu anajigamba. Kwa miaka yote hiyo niliamini kwamba alisema "nilisahau" kwa sababu ya joto la maumivu, au kwa sababu hakutaka ionekane alifundishwa na asiyesoma. Nilikuwa na maelezo kumi, na katika yote kumi mimi ndiye niliyedhulumiwa.

Siku ya mazishi, kabla ya sanduku kutolewa nje, mjane wake alituma mtu aniite ndani. Mama Cherop ni mwanamke mdogo, mnyoofu, na hakuwa akilia. Chumba kilikuwa na makochi yenye vitambaa, ukutani zile helikopta zangu za Krismasi, lakini zake zilikuwa kubwa, zenye fremu. Alinipa chai na mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu, akaniuliza kama mimi ndiye Macharia wa mafuta. Nikasema ndimi. Akasema mzee aliacha maneno, na aliagiza niambiwe kama tu nitakuja mwenyewe, nisitafutwe.

"Alisema alikuona," akaniambia. "Akiwa mlangoni kwa ndege. Alikuona umefungua chupa, umenusa, umeonja. Akakupungia mkono akijua unakuja kusimamisha. Halafu hukuja."

Nilishika kikombe. Nilimuuliza kwa nini basi hakusema, siku ile mezani, alikuwa na nafasi. Nilimuuliza kwa ukali kidogo, ndivyo nilivyo, mbele ya mjane siku ya mazishi.

"Hata mimi nilimuuliza hivyo," akasema. "Akaniambia, nikisema watamfukuza leo hii, na yule hana kwingine. Mimi nina shule."

Basi. Mtu mwingine angelia hapo. Mimi nilikasirika, na nitaiandika hasira hiyo kama ilivyokuwa. Nilikasirika kwamba alinihurumia. Nilikasirika kwamba alikula kiapo changu cha uongo mdomoni mwake, akaenda nacho baharini, akachechemea nacho miaka yote, na bado alilala usingizi, kwa sababu nilimuuliza mjane na akasema alilala kama mtoto. Mimi nina stoo na malori, na sijawahi kulala mvua ikinyesha. Ule wivu wa jaketi ulitoka kwangu kwenye kochi lile, nikauhisi ukitoka, na ukaingia mwingine mkubwa kuliko ule. Alikuwa amejua. Miaka yote ile nilipokuwa nikimwonea wivu, alikuwa amejua, na akanitumia kadi.

Mama Cherop akasema watu watatoa maneno machache kaburini, na jina langu liko, rafiki wa mlimani. Hakuniomba niseme lolote. Alichukua kikombe changu, akakifuta kwa kitambaa ingawa kilikuwa kisafi, akatoka.

Yule kijana wa maikrofoni aliniita baada ya katekista. Nilisimama. Nimezungumza mbele ya watu mara nyingi, kwenye harambee, kwenye baraza la chifu, sijui kuogopa watu. Nilikuwa na maneno yangu tayari tangu asubuhi, kwamba marehemu alikuwa mchapakazi, tulitoka mbali, Mungu amlaze pema. Nikawatazama. Wengi walikuwa vijana, hawajui Suswa wala chupa. Haruni sijui aliko, huenda alishatangulia. Kapteni pia. Hakukuwa na mtu hata mmoja aliyebaki wa kuniuliza, na hilo ndilo lililonifanya nione kwamba nikikaa chini sasa, nimekaa chini moja kwa moja.

Nikawaambia wachukue zile programu, waangalie jalada, upande wa kushoto, ukingoni. Karatasi zikalia uwanja mzima. Mtoto mmoja akasema kwa sauti, kuna mkono.

"Huo mkono ni wangu," nikasema. "Sasa kabla hamjamteremsha, niwaambie habari za asubuhi moja ulipotakiwa kuinuka."